Kivuli cha Hurlingham Kina Kalenda Yake

Mwenye bustani ya miti mikubwa mtaani Hurlingham akisoma kwamba Galanthus, lile ua dogo jeupe la Ulaya linaloinamisha kichwa, hustawi kivulini, huona amepata dawa ya ardhi tupu iliyo chini ya mgrevilea wake. Lakini ua hilo halipendi kivuli kwa namna tunavyodhani. Kwao, miti mingi hupukutisha majani wakati wa baridi, na Galanthus huchomoza mapema, likaota jua na kujaza tunguu lake chakula kabla majani mapya hayajaziba anga. Kinachoamua ni kalenda. Hapa Nairobi, karibu na ikweta, mgrevilea haubaki mtupu, na hata usiku wa Julai joto kwa kawaida hushuka hadi nyuzi 10 hivi tu, ilhali tunguu hilo huhitaji wiki nyingi za baridi kali kuliko hiyo.

Kalenda yetu ni ya mvua na kiangazi, na katika ukoo uleule wa Amaryllidaceae upo mmea unaoifuata: Scadoxus multiflorus, unaoota porini Kenya. Tunguu lake hulala wakati wa kiangazi. Mvua zinapoanza, hutoa bua nene, na kileleni hufunguka tufe jekundu la vimaua vinavyoweza kufika 200, kila kimoja kikiwa na nyuzi nyembamba zenye ncha za manjano. Majani mapana huja pamoja na ua au baada yake, na ndiyo yanayolisha tunguu kwa msimu ujao.

Wapo watakaosema kwamba Galanthus linaweza kudanganywa kwa friji. Tatizo ni kwamba tunguu lake hukauka upesi likikaa nje ya udongo, na hata likichanua mara moja, kazi hiyo itabidi irudiwe kila mwaka. Wengine watalalamika kwamba tufe hilo jekundu hudumu wiki moja au mbili tu, kisha kiangazi huacha ardhi wazi. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake ni kuchanganya: panda katikati yake klivia, ambayo majani yake hayakauki.

Udongo mwekundu wa upande huu wa jiji hupitisha maji vizuri. Uongeze mboji, kisha zika tunguu la Scadoxus shingo yake ikiwa usawa wa ardhi. Mwagilia wakati wa majani, na yakianza kuwa manjano acha kabisa, kwa sababu unyevu wa kiangazi huozesha tunguu lililolala. Usikate majani yangali mabichi. Mmea mzima una sumu, hivyo watoto na mbwa wasiufikie. Nunua kwenye vitalu vya miche, si kwa mtu aliyechimba msituni: mmea uliooteshwa kwa mbegu huchukua miaka kadhaa kuchanua, na msitu haurudishi upesi kilichong'olewa. Kabla ya kuuliza ua gani ni zuri, tuulize linaamka lini.