Furu: Chambo Muleba, pambo la sebuleni Ulaya

KATIKA mialo ya Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, furu ni samaki asiyepewa heshima kubwa. Ni mdogo, ana miiba mingi, na mara nyingi huishia kwenye ndoano kama chambo cha kumnasia sangara. Anayebaki huanikwa juani, au huingia kwenye sufuria ya nyumba ambayo siku hiyo haikuweza kununua sato.

Hata hivyo, ndugu za samaki huyo wanafugwa ndani ya matangi ya vioo kwenye sebule za Ujerumani, Uingereza na Marekani. Wafugaji wa huko huwanunulia taa, hita na vichujio, na huwatenganisha kwa makini kufuatana na kisiwa cha Ziwa Victoria walikotoka mababu zao. Furu wa Kisiwa cha Makobe, mkoani Mwanza, hawachanganywi na wa kisiwa kingine.

Je, mkazi wa Bukoba au Muleba, ambaye ziwa liko mlangoni pake, anaweza kumfuga furu nyumbani akabaki na afya na rangi yake? Na je, kuna faida ndani yake? Jibu la swali la kwanza ni ndiyo. La pili linahitaji hesabu.

Matumbawe ya bahari, miamba ya ziwa

Watu wengi wakisikia akwariamu hufikiria matumbawe na samaki wa baharini. Kwa Bukoba, mji ulio zaidi ya kilometa 1,300 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, ufugaji huo ni mzigo mzito. Kila lita moja ya maji huhitaji takriban gramu 35 za chumvi maalumu, si ile ya jikoni. Tangi la lita 240 hula zaidi ya kilo nane za chumvi kwa kujazwa mara moja tu.

Aidha, matumbawe ni wanyama wanaoishi na mimea midogo ndani ya miili yao, na mimea hiyo haiwezi kutengeneza chakula bila mwanga mkali. Maji yakizidi joto, mimea hiyo hutoka na matumbawe hubaki meupe. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998, wakati bahari ilipopata joto kali na matumbawe mengi ya Tanzania na Kenya, yakiwamo ya Mafia, yakaharibika. Biashara ya kimataifa ya matumbawe magumu nayo inadhibitiwa na mkataba wa CITES.

Ziwa Victoria halina matumbawe, lakini lina miamba. Kwenye mawe ya pwani na visiwani, furu wa aina mbalimbali hugawana chakula. Wapo wanaokwangua ukungu wa kijani juu ya mawe, wanaovunja konokono, wanaokula wadudu na wanaowinda samaki wenzao. Kwa mfugaji wa Kagera, mawe hayo ndiyo matumbawe yake, na hayahitaji chumvi.

Kutoka chakula cha kuku hadi jina la Nyerere

Ziwa Victoria linakadiriwa kuwa na spishi 500 za furu, au zaidi. Hadi miaka ya 1970, furu walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki waliokaa karibu na tope la ziwa. Walionekana wengi kupita kiasi, na mwaka 1976 kiwanda kikaanza mkoani Mwanza kuwasaga kuwa unga wa chakula cha mifugo.

Mwaka mmoja baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, wakaanza kuwachunguza furu wa Ghuba ya Mwanza. Kazi haijafika mbali, sangara aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 akaongezeka kwa kasi. Inakadiriwa kuwa spishi zipatazo 200 zilitoweka, nyingi kabla hazijapewa hata jina la kisayansi. Kuanzia miaka ya 1990, sangara alipovuliwa sana, baadhi ya furu walianza kurudi.

Mmoja wa waliopata jina ni yule aliyeandikwa na watafiti hao mwaka 1985 na kuitwa nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Dume lake lina mgongo mwekundu, ubavu wa njano na mistari myeusi. Leo ni miongoni mwa furu wanaopendwa sana na wafugaji wa nje, na mwaka 2014 wanasayansi walichapisha ramani ya vinasaba vyake.

Maji yakichafuka, rangi hupotea

Uzuri wa furu si pambo tu. Jike lake, ambalo kwa kawaida halina rangi kali, humchagua dume kwa kumtazama. Mwaka 1997, Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walieleza katika jarida la Science kwamba maji ya ziwa yanapokuwa na ukungu kutokana na mbolea, udongo na majitaka, majike hushindwa kutofautisha madume. Spishi mbili huzaliana na kuwa moja, na rangi hufifia.

Majaribio ndani ya matangi yalionyesha jambo hilo hilo. Chini ya taa ya rangi moja ya chungwa, majike waliacha kuchagua dume wa spishi yao. Walipowekewa mwanga wa kawaida, walichagua tena.

Kwa mfugaji, somo ni mara mbili. Kwanza, taa nyeupe na maji maangavu ni sehemu ya afya ya furu. Pili, tangi moja liwe la spishi moja. Majike wa spishi tofauti hufanana mno, hivyo anayewachanganya atapata vifaranga wa chotara ambao mfugaji makini hatawanunua.

Tangi huanza na bakteria

Kosa linaloua samaki wengi ni kujaza maji leo na kuingiza samaki kesho. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoota kwenye changarawe, mawe na sponji ya chujio huigeuza kuwa naitraiti, ambayo pia ni sumu, kisha naitreti yenye madhara kidogo. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha.

Kwa hiyo, anza na samaki wachache sana na uongeze taratibu. Furu hupenda maji yenye pH kati ya 7.5 na 8.5, na katika maji ya namna hiyo amonia huwa kali zaidi. Maji ya mvua, ambayo Bukoba haina upungufu wake, yana madini kidogo, hivyo yasitumiwe peke yake. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe kwenye ndoo pana kwa siku nzima au zaidi kabla ya kuingizwa.

Kila wiki toa robo ya maji na uweke mengine. Sponji ya chujio isuguliwe ndani ya maji yaliyotolewa tangini, si chini ya bomba, kwa sababu klorini itawaua bakteria uliowalea kwa mwezi mzima. Maji yanayotolewa yasimwagwe ovyo. Naitreti iliyomo ni mbolea, na migomba ya kibanjani itaipokea vizuri.

Chakula kiwe kidogo, kile kinachomalizika ndani ya dakika mbili au tatu. Weka dume mmoja na majike kadhaa, pamoja na mawe mengi yenye mapango ya kujifichia, maana dume hulinda eneo lake kwa ukali. Jike hutunza mayai na vifaranga mdomoni kwa takriban wiki mbili hadi tatu bila kula. Asisumbuliwe wakati huo.

Hita ndiyo gharama

Chukua mfano wa tangi lenye urefu wa sentimeta 120, upana 45 na kimo 45. Likijaa hubeba lita 243, yaani maji peke yake yana uzito wa kilo 243 kabla ya kuhesabu vioo na mawe. Meza ya kawaida ya sebuleni haifai. Robo ya maji ya kila wiki ni kama madumu matatu ya lita 20.

Pampu ya hewa ya wati 5, ikifanya kazi usiku na mchana kwa siku 30, hutumia uniti 3.6 za umeme. Hita ya wati 100 ikiwaka saa 12 kwa siku hutumia uniti 36, mara kumi ya pampu. Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Maji ya ziwa hukaa kati ya nyuzijoto 23 na 27 hivi kwa sababu ni mengi, lakini tangi dogo hupoa haraka usiku wa Bukoba. Tangi lenye mfuniko, lililo mbali na dirisha na lenye ubao au boksi la povu upande wa nyuma, huipunguzia hita kazi.

Umeme ukikatika, hatari ya kwanza ni ukosefu wa hewa. Pampu ndogo ya betri inafaa iwepo. Isipokuwepo, chota maji kwa kikombe na uyamwage kutoka juu mara kwa mara, na usiwalishe samaki mpaka umeme urudi.

Soko lipo, lakini lina masharti

Soko la karibu ni hoteli, shule, ofisi na nyumba za watu wenye nafasi, na kwa mji wa ukubwa wa Bukoba ni soko dogo. La nje ni kubwa zaidi, ila linadai samaki wa spishi moja, wanaojulikana walikotoka, wenye kumbukumbu za uzazi. Usafirishaji unasimamiwa chini ya Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003, hivyo ofisa uvuvi wa halmashauri aonwe kabla ya kununua vioo. Anayeanza aanze na tangi moja, aandike gharama na vifo vya miezi sita, kisha aamue.

Furu wa kuanzia wasitoke kwenye nyavu zilizovutwa kutoka kina kirefu. Samaki hao hufika juu matumbo yamefura na wengi hufa. Wanaonaswa taratibu kwenye maji mafupi hudumu zaidi.

Jambo la mwisho halina mjadala. Samaki wa tangini asirudishwe ziwani, wala mmea wa tangini usitupwe mtoni. Gugumaji lilitoka Amerika ya Kusini likapendwa duniani kwa maua yake mazuri. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana Ziwa Victoria, ambako liliingia pia kwa maji ya Mto Kagera, na mialo ikazibwa. Nalo lilianza kama pambo.

Tangi haliwezi kuchukua nafasi ya ziwa. Lakini mtoto wa Muleba atakayeliona dume la furu likiwaka rangi nyuma ya kioo safi atajua ni kitu gani hasa kinachotungwa kwenye ndoano kila asubuhi, na kwa nini maji ya ziwa yanapaswa kubaki maangavu.