Kusoma Morogoro: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuvuka Lunga Lunga

Matokeo ya KCSE yanapotoka, nyumba nyingi za Chaani huingia katika hesabu ile ile: mtoto amefaulu, ataenda chuo gani na karo itatoka wapi. Aliyepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, anaweza kulala kwao na kupanda matatu kila asubuhi. Lakini zipo familia zinazotazama kusini, hadi Morogoro nchini Tanzania. Mji huo unafikika kwa barabara na lugha ni moja, jambo linalowafanya wengi waone safari ni nyepesi. Hasara huja pale mzazi anapolipa kwanza na kuuliza baadaye.

Mji wa vyuo chini ya milima

Morogoro ni manispaa iliyo chini ya milima ya Uluguru, takriban kilomita 190 magharibi mwa Dar es Salaam. Jina lake si geni Mombasa: Mbaraka Mwinshehe, mwanamuziki aliyevuma na Morogoro Jazz, alifariki hapa kwa ajali ya gari Januari 1979.

Chuo kinachojulikana zaidi ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilichoanzishwa mwaka 1984 na kupewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki Aprili mwaka huo. Hufundisha kilimo, misitu na tiba ya mifugo. Ni hapo pia ambapo shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Kampasi yake ya Mazimbu ilikuwa shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini hadi mwaka 1992.

Chuo Kikuu cha Mzumbe, kinachojulikana kwa masomo ya utawala, biashara na sheria, kiko nje ya mji kwenye barabara ya Iringa. Kipo pia Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro. Kwa hivyo "kusoma Morogoro" si jambo moja: anayesoma Mzumbe na kupanga chumba mjini atalipa nauli kila siku.

Cheti kwanza

Kabla ya kulipa chochote, mzazi anahitaji majibu mawili. La kwanza liko Tanzania: Baraza la Mitihani la nchi hiyo, NECTA, ndilo hulinganisha vyeti vya nje na vyao, na mfumo wao una kidato cha tano na cha sita. La pili liko Kenya: Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, iulizwe kama chuo na shahada vinatambuliwa. Kwa taaluma zenye bodi, kama vile sheria, uhandisi na udaktari wa mifugo, bodi husika ya Kenya iulizwe pia. Shahada isiyotambuliwa humrudisha kijana Chaani akiwa na karatasi isiyompa kazi.

Mzazi asiihesabu basari kabla ya kuuliza ofisi inayoitoa kama inalipia vyuo vya nje ya nchi.

Kodi si ya mwezi mmoja

Hapa ndipo wengi hushtuka. Chaani mpangaji amezoea kulipa kila mwezi, na amana mara moja anapoingia. Tanzania wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi mitatu, sita au hata mwaka mzima kwa mkupuo. Chumba kinachoonekana rahisi kwa mwezi kinaweza kumaliza akiba yote siku ya kwanza. Ni vyema kuulizia mabweni ya chuo mapema, na anayepanga nje adai mkataba wa maandishi.

Swali jingine kwa mwenye nyumba ni maji. Uluguru ndiko unakoanzia mto Ruvu, unaotegemewa na Dar es Salaam kama Mombasa inavyotegemea chemchemi za Mzima. Hata hivyo mji wa Morogoro hutegemea sana bwawa la Mindu, na udongo unaoporomoka kutoka mashamba ya milimani hulijaza. Kuona mlima wenye mawingu si dhamana kwamba bomba litatoka.

Matumizi ya kawaida hayatamsumbua mtu wa Pwani. Mboga, ndizi na matunda hushuka kutoka milimani hadi Soko Kuu la Chifu Kingalu. Karo huitwa ada, matatu ni daladala, na shikamoo hufungua mlango kama kwetu. Pesa hutumwa moja kwa moja kutoka M-Pesa ya Kenya hadi ya Tanzania, ingawa kuna makato. Blanketi ni lazima: usiku wa Juni hadi Agosti una baridi ambayo Chaani haijui.

Njia na karatasi

Mwenye gari hahitaji kupanga foleni ya feri ya Likoni. Barabara ya Dongo Kundu humtoa upande wa Kwale. Kutoka Lunga Lunga njia hupitia Tanga na Segera hadi Chalinze. Hakuna haja ya kufika Dar es Salaam: Chalinze hadi Morogoro ni takriban kilomita 85, na mabasi huingia kituo cha Msamvu. Anayepitia Dar es Salaam anaweza kupanda treni ya SGR ya umeme, iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024.

Kitambulisho cha taifa pekee hakitoshi kuingia Tanzania. Msafiri anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Akishapokewa chuoni, mwanafunzi anapaswa kuomba kibali cha mwanafunzi kwa Uhamiaji. Kanuni za Soko la Pamoja la Afrika Mashariki zinasema raia wa jumuiya hukipata bila ada.

Ziara kabla ya malipo

Njia ya busara ni mzazi na mtoto kwenda siku tatu kabla ya kulipa. Siku ya kwanza waingie ofisi ya udahili. Ya pili watafute chumba na kupima nauli. Ya tatu wapande hadi Morningside, nyumba ya mawe ya enzi za Wajerumani iliyo kwenye mteremko wa Uluguru, wakiwa na mwongozaji wa pale, na kuutazama mji wote chini yao. Masomo huanza karibu na Oktoba au Novemba, hivyo kuna miezi kadhaa baada ya matokeo kufanya haya yote bila haraka.