Wapishi Wanaolelewa na Bibi

Mkoani Kagera, mjukuu kulelewa na bibi si habari. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa huko mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata wazee wengi waliwazika watoto waliotarajia kuwatunza uzeeni, kisha wakaanza kulea upya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inayatambua malezi ya kambo yanayosimamiwa na ustawi wa jamii, lakini watoto wengi wanaoishi kwa ndugu hawakupitia ofisi yoyote. Matanga yalianuliwa, wageni wakarudi makwao, bibi akabaki na wajukuu.

Huko Nshamba, wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi. Tathmini ya kazi hiyo, iliyotoka mwaka 2008, ilibeba katika jina lake vitu vitatu: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Chumvi ndiyo iliyotangulia, na hilo halinishangazi: katika nyumba kama hizo jambo la kwanza ni chungu.

Kwa hiyo nikisikia watu wakipendekeza vikundi vya kupika baada ya masomo kwa watoto kama hawa, naunga mkono, ingawa swali la kwanza ni la haki kabisa: mtoto anayepika kila siku nyumbani umfundishe kupika ili iweje? Tena mwingine, hasa aliye kwa shangazi au mjomba, hupikia nyumba nzima na kupakuliwa mwisho.

Jibu ni kwamba nyumbani anapika peke yake, akikimbizana na giza, baada ya maji na kuni. Kwenye kikundi anapika na wenzake, anaonja, anakosea, anacheka, na chakula kikiiva anakaa kula kama mwenye shughuli. Maharage yanatangulia motoni kwa sababu hayana haraka. Wakati yanachemka kuna nafasi ya kumaliza hesabu za mwalimu, na kuna nafasi ya maneno. Ndizi zinamenywa mikono ikiwa imepakwa mafuta ili utomvu usigande, macho yote yako kwenye kisu, na mtoto ambaye hasemi kitu ukimketisha mbele yako umhoji, hapo huanza mwenyewe kusimulia alivyokuwa akiishi na mama. Anayesimamia asimkatize wala asimgeuze somo. Amwongezee ndizi za kumenya.

Wavulana nao wamenye. Atakayebaki na bibi mgonjwa hachaguliwi kwa jinsia.

Kuna makosa yanayoweza kukiharibu kikundi mapema. La kwanza ni kukiita cha yatima. Mtoto hatakanyaga tena, na wenzake watampa jina la kumtania mpaka darasa la saba. Kiwe cha shule, kila anayetaka aingie, walimu wajue tu kimya kimya ni nani asikose nafasi. La pili ni mchango. Ada ilishafutwa shuleni, lakini chakula cha mchana bado kinategemea sana mahindi na maharage ya wazazi na walezi, na bibi asiye na shamba la maana hana debe la kutoa. Ukimdai tena jioni, umemfukuza mjukuu wake kwa adabu. La tatu ni saa. Chakula kiive mapema, kwa sababu njia za migombani zina giza kabla ya anga, na wasichana wanatembea mbali.

Halafu kuna wadogo waliobaki nyumbani. Mtoto mkubwa hashibi kwa raha akijua hawajala. Ataficha kipande mfukoni, na msimamizi asiyejua hali atamwita mwizi. Pikeni cha kubeba.

Na wapishi wa kufundisha wapo. Bibi anayejua kufunika sufuria kwa majani ya mgomba hadi ndizi zilainike bila kupondeka alikuwa anajulikana kijijini kwa mkono wake, kabla hajajulikana kwa misiba yake. Aalikwe siku moja kwa mwezi, apewe kigoda karibu na moto, na watoto wamwite mwalimu, mjukuu wake akiwa pale anasikia.