Nyumba Bado Ina Deni? Anza na Vitu Vilivyojaa Ndani

Huku Bumula ni watu wachache wanaonunua nyumba iliyokwisha kujengwa. Wengi wetu tunajenga kwenye shamba la familia, tena polepole: mwaka huu msingi, mwaka ujao ukuta, mabati yakifika watu wanahamia, halafu sakafu na madirisha yanafuata. Kwa hivyo ukiulizia mkopo wa nyumba kuanzia Kimaeti hadi Khasoko, mara nyingi utaambiwa habari za Sacco. Mikopo rasmi ya nyumba ya benki ilikuwa takriban 30,000 tu nchi nzima mwishoni mwa 2023, kwa hesabu za Benki Kuu ya Kenya. Waliobaki tunajenga kwa akiba, kwa wadhamini, na kwa makato ya kila mwezi.

Mkopo wowote ule, swali ni moja. Mshahara haujaongezeka, mahindi hayajauzwa, watoto wako shuleni. Utaumaliza vipi mapema? Jibu letu lina sehemu mbili: toa vitu visivyotumika ndani ya nyumba, na uzibe matundu madogo ambayo pesa inapitia. Kisha kila shilingi unayookoa ipeleke kwenye mkopo siku hiyo hiyo, kabla haijapata kazi nyingine.

Kwanza, hesabu

Chukua mfano wa mkopo wa shilingi 600,000 kwa miezi 60, riba asilimia 12 kwa mwaka inayohesabiwa kwa salio linalopungua. Kila mwezi utalipa karibu shilingi 13,350. Mwezi wa kwanza, shilingi 6,000 kati ya hizo ni riba tupu. Ukifika mwisho utakuwa umelipa riba ya karibu 200,000.

Sasa ongeza shilingi 2,000 kila mwezi. Mkopo utaisha baada ya miezi 50 hivi badala ya 60, na utaokoa riba ya karibu 36,000. Hiyo 2,000 ni chini ya shilingi 70 kwa siku.

Au tuseme hauwezi kuongeza kila mwezi, lakini umeuza vitu vya zamani ukapata 20,000, ukazilipa mwanzoni kabisa mwa mkopo. Ukiendelea kulipa kiasi kile kile cha kila mwezi, utaokoa riba ya karibu 16,000 na kumaliza kama miezi miwili na nusu mapema. Ile kabati iliyokaa kwenye kona ikikusanya vumbi, si basi ina kazi?

Kabla ya kutuma pesa ya ziada, uliza Sacco au benki yako mambo matatu. Je, riba inahesabiwa kwa salio linalopungua? Pesa ya ziada itapunguza salio la mkopo, au itawekwa tu kama malipo ya mwezi ujao? Kuna ada ya kumaliza mapema? Omba majibu kwa maandishi, na uombe taarifa ya mkopo kila baada ya miezi mitatu uone kama salio limeshuka kweli.

Pita chumba kwa chumba

Usianze na nyumba nzima, utachoka saa nne asubuhi. Chukua chumba kimoja kila Jumamosi. Weka marundo manne: vya kutumia, vya kuuza, vya kugawa, na vya kutupa. Kitu ambacho hakijaguswa tangu mavuno ya mwaka jana kiulizwe swali: kinangoja nini?

Sebuleni utakuta viti vya zamani vilivyobaki baada ya seti mpya kuja, redio iliyoharibika, televisheni ya mgongo. Chumbani kuna godoro la ziada na masanduku ya nguo za watoto ambao sasa wako sekondari. Jikoni kuna sufuria zilizotoboka na mitungi isiyo na vifuniko. Nyuma ya nyumba ndiko kuna pesa nyingi zaidi, maana ukijenga hukosi mabaki: mabati nusu, mbao za kushikilia zege, nondo fupi, matofali, milango ya nyumba ya kwanza. Jirani anayejenga choo au banda la kuku anavitafuta hivyo hivyo. Mbao zikinyeshewa msimu mmoja zaidi zitakuwa kuni tu.

Kuna vitu vya kuacha. Sufuria kubwa, viti vya plastiki na turubai vinaonekana kama mzigo, lakini siku ya matanga au sherehe kila mtu anavikimbilia. Kama nyumba tatu za ukoo mmoja zina sufuria kubwa tatu, kaeni chini mkubaliane: moja au mbili zibaki kwa matumizi ya wote, iliyobaki iuzwe. Na usiuze kitu cha mama mkwe au cha mzee bila kumuuliza. Shilingi 800 ya chungu haiwezi kununua amani ya boma.

Kuuza bila kulizwa

Wanunuzi wa vitu vilivyotumika wako Bungoma mjini, Kitale, na hata kwenye soko lako la karibu. Mara nyingi mtu wa kwanza kununua ni jirani, akiona picha kwenye kundi la simu. Andika bei, hali ya kitu, na kama kina kasoro iseme. Inaokoa mabishano.

Akisema ametuma pesa, usitegemee ujumbe peke yake. Walaghai wanatengeneza jumbe zinazofanana kabisa na za kweli. Angalia salio lako mwenyewe kabla kitu hakijapakiwa kwenye bodaboda. Mtu akipiga simu kusema ametuma zaidi kwa makosa umrudishie, mwambie aombe kurudishiwa kupitia mtoa huduma wake. Na nambari yako ya siri haimhusu mnunuzi, wala wakala, wala mtu anayejiita mfanyakazi wetu.

Kwa vyuma chakavu, uza kwa mwenye leseni pekee. Biashara hiyo inasimamiwa na Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, na mwaka 2022 serikali iliisimamisha kuanzia Januari hadi mwanzo wa Mei kwa sababu ya wizi wa nyaya na mitambo ya umeme. Kipande cha waya wa stima au alama ya barabara kikipatikana kwenye gunia lako, kitakuletea kesi.

Matundu madogo ya kila wiki

Ada za simu ndizo tunazozijua zaidi, basi tuanze nazo. Kwa viwango vya M-Pesa vya baada ya Julai 2023, kutoa shilingi 500 kwa wakala ni shilingi 29. Kutoa 2,500 pia ni shilingi 29. Mtu anayetoa 500 mara tano kwa wiki analipa 145. Anayetoa mara moja analipa 29. Tofauti ni 116 kwa wiki, zaidi ya 6,000 kwa mwaka. Hiyo inakaribia nusu ya malipo ya mwezi mmoja katika mfano wetu. Soma jedwali la ada la mtoa huduma wako, utaona ngazi kama hizo. Na duka likiwa na nambari ya Till, lipa moja kwa moja, kwa sababu mnunuzi hakatwi ada.

Jikoni, msimu una bei yake. Mahindi huwa nafuu wakati wa mavuno na ghali kuanzia Aprili hadi Juni, wakati ghala ni tupu na shamba ndilo limepandwa. Anayenunua kwa gorogoro kila siku miezi hiyo analipa bei ya juu kabisa. Kama huvuni ya kutosha, nunua magunia mawili wakati wa mavuno, uyakaushe vizuri, uyahifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili dumuzi asiyamalize. Mboga za kienyeji, yaani kunde, mrenda na sucha, hazihitaji shamba kubwa. Kipande nyuma ya jikoni kinatosha watu watano. Magunzi ya mahindi yakikauka yanapika, kwa hivyo usiyachome shambani huku ukinunua makaa.

Halafu kuna mikopo ya simu. Kukopa kwenye simu ili kulipa mkopo wa nyumba ni kuhamisha deni la riba ndogo hadi kwenye deni la ada kubwa. Mkopo wa simu ni wa dharura ya kweli. Ukiona umeuchukua miezi mitatu mfululizo, hiyo si dharura tena, bajeti yako ina pengo.

Mwaka wa Agosti

Bajeti ya Nairobi haiwezi kutusaidia hapa bila kurekebishwa. Kwetu, tohara hufanyika Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili. Mwenye kijana anajua kinachokuja: wageni, chakula, busaa, mavazi, na wajomba wanaotaka heshima yao. Tatizo ni kwamba tunaishi kama hatukujua, halafu Julai tunaongeza mkopo juu ya mkopo.

Sherehe inajulikana miaka miwili kabla. Ukiweka shilingi 1,500 kila mwezi kwa miezi 24 kwenye akiba iliyofungwa, utakuwa na 36,000 bila kugusa nyumba. Mfanye vivyo hivyo kwa karo. Michango ya matanga pia iwe na kiasi chake cha mwezi. Ikiisha, toa mkono wa pole na nguvu ya mwili. Kuchota maji na kupasua kuni kwa wafiwa ni mchango pia, na watu wanaukumbuka.

Haya yote yanahitaji watu wa nyumba kukubaliana. Mama akiuza viti huku baba akinunua spika kubwa, hamjafika popote. Kaeni pamoja mwisho wa mwezi, mfungue taarifa ya mkopo, mwonyeshe hata watoto wakubwa salio limefika wapi.

Ukiona unalemewa

Deni la nyumba halimgusi mkopaji peke yake. Ukikosa kulipa Sacco, wadhamini wako wanaanza kukatwa, na hao ni wenzako wa kazini au watu wa kanisa moja nawe. Kama hati ya shamba ndiyo dhamana, boma lenyewe liko hatarini.

Jua haki zako. Kwa Sheria ya Ajira ya 2007, makato yote hayapaswi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Kwa Sheria ya Ardhi ya 2012, nyumba ya familia haiwezi kuwekwa dhamana bila idhini ya mke au mume. Sheria hiyo hiyo inamtaka mkopeshaji akupe notisi ya miezi mitatu ya kurekebisha deni, halafu notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Lakini usingoje barua. Nenda kabla ya kukosa malipo ya kwanza, uombe muda mrefu zaidi au malipo madogo. Mkopeshaji anamsikiliza zaidi mtu aliyekuja mwenyewe kuliko yule anayetafutwa kwa simu.

Na kama unalipa riba ya mkopo wa kununua au kuboresha nyumba unayoishi, uliza mwajiri wako kuhusu nafuu ya kodi. Tangu mwisho wa Desemba 2024 kiwango cha juu cha riba inayotolewa kwenye mapato kabla ya kodi kilipanda kutoka shilingi 300,000 hadi 360,000 kwa mwaka, na ujenzi ukajumuishwa. Mkopeshaji wako atakwambia kama mkopo wako unahesabika.

Jumamosi hii

Chagua chumba kimoja. Toa vitu vitano visivyotumika, uvipige picha, uweke bei. Kikiuzwa hata kimoja, lipa pesa hiyo kwenye mkopo jioni hiyo hiyo kupitia nambari rasmi ya Sacco au benki yako, uhakikishe jina linalotokea kwenye simu ni lao, na uhifadhi ujumbe wa malipo. Jumamosi ijayo, chumba cha pili.