Zinki, Virusi na Sahani ya Maabara

Mara kwa mara hutangazwa kwamba vitamini au madini fulani "yameua virusi katika maabara", na watu wengi hutoa fedha zao kwa kuyaamini maneno hayo. Yafaa basi kuchunguza ni nini hasa hupimwa katika majaribio ya namna hiyo, na huthibitisha nini.

Virusi haviwezi kuzaana vyenyewe. Sharti viingie ndani ya seli hai. Kwa hiyo mtafiti hana budi kuzikuza seli kwanza. Mwaka 1949, huko Marekani, Enders, Weller na Robbins walionyesha kwamba virusi vya polio vyaweza kukuzwa katika seli za binadamu zisizo za neva, nje ya mwili. Mwaka 1962 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chiba, Japani, walianza kukuza seli za figo ya tumbili wa Afrika. Seli hizo, ziitwazo Vero, hutumika hadi leo.

Seli huoteshwa katika sahani mpaka zitandae tabaka moja. Hutiwa virusi pamoja na kirutubisho kinachopimwa, kisha hufunikwa kwa agari ili virusi visisambae mbali. Baada ya siku chache hutiwa rangi. Seli hai hushika rangi. Mahali zilipokufa hubaki duara angavu. Njia hii ya kuhesabu virusi vya wanyama ilitolewa na Renato Dulbecco mwaka 1952. Sahani isiyo na kirutubisho ikiwa na duara 100, na yenye nacho ikawa na 50, virusi vimepungua kwa nusu.

Hesabu hiyo peke yake haitoshi, kwani hata sabuni huharibu virusi, na seli pia. Ndiyo sababu sahani nyingine hutiwa kirutubisho bila virusi. Tuseme miligramu 5 kwa lita hupunguza virusi kwa nusu, na miligramu 10 huua nusu ya seli. Uwiano wake ni 2 tu, nao ni wa hatari. Kama nusu ya seli zingekufa kwa miligramu 500, uwiano ungekuwa 100, na hapo pana tumaini.

Zinki ni mfano mzuri. Mwaka 1974 ilibainika kwamba ioni zake huzuia virusi vya mafua ya kawaida kuzaana katika seli, kwa kuzuia mnyororo mrefu wa protini za virusi usikatwe vipande vinavyohitajika. Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba zinki, ikisaidiwa na kemikali inayoiingiza ndani ya seli, huzuia pia virusi vya korona.

Hata hivyo, sahani si mwili. Zinki imezwayo hupitia tumboni, na sehemu kubwa ya ile iliyomo katika damu hushikwa na protini. Tena, seli hazifanani. Mwaka 2020 klorokwini ilizuia virusi vya UVIKO-19 katika seli za Vero, lakini haikuvizuia katika seli za mapafu ya binadamu. Nayo hidroksiklorokwini, dawa ya jamii hiyo, haikuwafaa wagonjwa waliolazwa hospitalini.

Zinki nayo ilijaribiwa kwa watu. Katika utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2021, wagonjwa 214 wa UVIKO-19 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa zinki, wengine vitamini C kwa wingi, wengine vyote viwili, na wengine huduma ya kawaida tu. Hapakuonekana tofauti ya maana katika muda wa kupata nafuu.

Isidhaniwe kwamba zinki haina faida. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri mtoto anayeharisha apewe miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14, pamoja na maji ya chumvichumvi. Ushauri huo haukutokana na sahani za seli, bali na majaribio yaliyofanywa kwa watoto wenyewe. Kazi ya sahani ni kuchagua kinachostahili kujaribiwa zaidi. Haimruhusu mgonjwa kuacha matibabu na kukimbilia kidonge.