Umewekewa betri ya moyo? Chunga ndoo kuliko simu

Ukirudi Kiseke na betri ya moyo kutoka JKCI, Dar es Salaam, simu isikutie presha. Usiiweke tu mfuko wa shati upande wa betri. Iwe mbali angalau sentimita 15, na uongee kwa sikio la upande wa pili.

Cha kuchunga ni mkono. Waya uliopitishwa kwenye mshipa hadi moyoni unahitaji muda kushika. Ukichomoka, unarudi kufanyiwa upya. Kwa wiki 4 hadi 6, usiuinue mkono wa upande huo juu ya bega wala kubebea ndoo ya maji.

Kidonda kikivimba au kutoa usaha, ukipata homa, au kizunguzungu kikirudi, wahi Bugando. Usisubiri siku ya kliniki.