Garanti ya nyumba Bukavu: sheria inasema miezi tatu, bayeri anaomba sita

Kila mwaka, matokeo ya egzameni ya Serikali yakiisha kutoka, wazazi wengi wa Walungu wanaingia katika hesabu ileile. Mtoto amepita, universite iko Bukavu, na hakuna anayeweza kupanda gari asubuhi na kurudi jioni kila siku kwa barabara ya Mugogo. Lazima chumba. Kuna wanaouza ng'ombe, kuna wanaoweka shamba rehani, hata mbele ya kufikiria minerval. Sehemu kubwa ya pesa hiyo inaingia katika kitu kinachoitwa garanti, na mara nyingi hairudi tena.

Garanti si pesa ya nyumba ya kila mwezi. Ni amana. Lokateri anaiweka kwa bayeri siku ya kuingia, na siku ya kutoka bayeri anapaswa kuirudisha, akiisha kukata miezi isiyolipwa na vitu vilivyoharibika. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayopanga mambo ya lokateri na bayeri katika Kongo nzima, imeweka mpaka: kwa nyumba ya kukaa, garanti haipiti miezi tatu.

Sasa mzazi afike Panzi, karibu na UEA, ao Kadutu, upande wa Karhale ambako kuna Universite Officielle de Bukavu. Tuseme chumba ni dola 30 kwa mwezi. Kwa sheria, garanti ingekuwa dola 90. Mama bayeri anaomba miezi sita, ni kusema dola 180. Komisioneri aliyeonyesha mlango naye anataka mwezi wake mmoja: 30 tena. Mzazi akitaja sheria, jibu linajulikana: asiyetaka aende, wengine wanangoja. Na kweli wanangoja, ndiyo maana sheria inabaki kwenye karatasi.

Kwa nini vyumba ni vichache? Mji wenyewe haukujengwa kwa watu wote hawa. Wakati wa Wabelgiji, ulipoitwa Costermansville, nyumba nzuri za Ibanda, zile zinazoingia ndani ya ziwa Kivu kwenye La Botte, Nguba na Muhumba, zilikuwa za Wazungu. Wafanyakazi weusi waliwekwa Kadutu, na miaka ya 1950 nyumba za kazi zikajengwa Bagira. Vita vya tangu 1996 vimesukuma watu wa vijiji ndani ya mji huohuo, kati ya ziwa na milima. Nyumba za zamani zimekatwa vipande, nyuma ya kila moja kumeongezwa aneksi, na kwenye miteremko ya Kadutu mbao zimefuatana na mbao. Nyumba kubwa za pembeni ya ziwa zimezoea kupangishwa kwa dola na mashirika. Mtoto wa Walungu yeye anatafuta aneksi.

Na aneksi inaangaliwa kwa macho mawili. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 liliacha nyufa katika nyumba nyingi za Bukavu, na kuna kuta ambazo zilipakwa rangi tu juu yake. Afazali kutembelea chumba siku ya mvua: hapo ndipo inaonekana maji yanapita wapi, na kama ukuta wa nyuma unashikilia mlima ao mlima ndio unaoshikilia ukuta. Kwa nyumba za mbao, swali ni moto. Ukitokea usiku, kuna njia ngapi za kutokea? Bombo ya REGIDESO na umeme wa SNEL viulizwe pia, hasa namna ya kugawana faktire, kwa sababu parseli yenye lokateri sita na kompteri moja ni ugomvi wa kila mwezi.

Lakini kosa linaloumiza zaidi ni kulipa mtu asiye mwenye nyumba. Anaweza kuwa sentinele, ao ndugu mmoja kati ya warithi ambao bado wanashitakiana. Komisioneri hajali, yeye mwezi wake ameisha kupata. Kumwuliza shefu wa avenyu, ao majirani wawili, nani mwenye parseli ni kazi ya nusu saa tu. Bayeri wa kweli hakasirikii swali hilo.

Kisha, karatasi. Wengi wanapokea ufunguo na neno la mdomo, kwa sababu bayeri ni mtu wa kanisa moja nao ao anatoka kijiji kimoja. Kontra inapaswa kuandikwa: jina la kila mmoja, pesa ya mwezi, garanti kiasi gani, ilitolewa siku gani. Hata kama mzazi amekubali miezi sita, iandikwe sita. Pamoja nayo, karatasi ya hali ya nyumba: kioo kilichovunjika, kufuli mbovu, bati linalovuja. Bila hiyo, siku ya kutoka kioo cha zamani kinakuwa kosa la lokateri, na garanti inaliwa na vioo.

Kutoka nako kuna utaratibu. Preavi ni miezi tatu, kwa bayeri kama kwa lokateri. Bayeri anayeng'oa mlango ao kutoa mabati ili mtu aondoke haraka hafuati sheria, hata kama lokateri ana deni.

Jibu linalosikika sana siku ya kudai ni: "Ngoja lokateri mupya aingie, nitakulipa na garanti yake." Ndivyo inavyozunguka: pesa ya wa kwanza ilijenga choo, ya wa pili inamlipa wa kwanza. Tangu Februari 2025, M23 ilipoingia Bukavu na benki kufungwa, mzunguko huo umekuwa mgumu zaidi. Pesa ya mkononi ni kidogo, na kuna waliokimbia na kuacha garanti nyuma.

Sheria inataka ugomvi upite kwanza kwa serivisi ya Habitat ya komine, ambako pande mbili zinasikilizwa, kabla ya kwenda mahakamani. Kwa kuwa kazi ya mahakama imevurugika, mambo mengi sasa yanaishia kwa shefu wa avenyu ao wa karitie. Huko nako swali la kwanza ni lilelile: karatasi iko wapi? Mzazi aliyebaki Walungu aombe nakala yake, aiweke nyumbani. Ile ya mwanafunzi inaweza kuungua pamoja na chumba.